Safari Tatu za Paulo: Kanisa Linalotuma Wainjilisti Leo Lifuate Mfano Upi?

Kila mwaka, kamati ya misioni ya usharika inapokaa kupanga bajeti, mjadala huwa ni ule ule. Wapo wanaotaka fedha zote ziende kwenye mkutano wa injili wa juma moja, wenye jukwaa, vipaza sauti, jenereta na kwaya tatu, utakaozunguka vijiji vitano kabla ya masika. Wapo wanaotaka atafutwe mwinjilisti mmoja, apangishiwe chumba katika kijiji kimoja na akae huko miaka miwili. Na wapo, ambao kwa kawaida husikilizwa mwisho, wanaosema kwamba washarika wetu wenyewe wamekwisha kutawanyika huko kwa kazi zao, mafundi cherehani, walimu, wauguzi na wanunuzi wa mazao, na kwamba la busara ni kuwatia nguvu hao. Kila upande hufungua Matendo ya Mitume, na kila upande hupata aya ya kujitetea. Si ajabu, kwa sababu kitabu hicho kinasimulia safari za mtume Paulo za namna tatu, na ingawa tumezoea kuziita zote kwa jina moja, hazikuendeshwa kwa mtindo mmoja, hazikugharimiwa kwa njia moja, wala hazikuacha matokeo ya aina moja.

Ni kweli kwamba Luka, mwandishi wa kitabu hicho, mwenyewe hakuzipa namba. Mistari mitatu ya rangi tofauti tunayoiona katika ramani za mwisho wa Biblia ni kazi ya watu wa baadaye, na simulizi lenyewe hutiririka bila kutangaza kwamba safari moja imekwisha na nyingine inaanza. Hata hivyo mgawanyo huo unafaa kwa kulinganisha. Safari ya kwanza iko katika sura ya 13 na ya 14. Ya pili inaanzia 15:36 na kuishia 18:22. Ya tatu inaanzia 18:23 hadi Paulo anapoingia Yerusalemu katika sura ya 21. Wataalamu wengi huziweka zote kati ya mwaka 46 na 57 hivi, wakisaidiwa na maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delfi, Ugiriki, yanayoonyesha kwamba Galio, yule liwali aliyekataa kumhukumu Paulo huko Korintho, alishika madaraka karibu na mwaka 51. Katika kuzilinganisha nitaziuliza zote swali moja: wajumbe walipoondoka, nani alibaki, na alibaki na nini mkononi?

Safari ya kwanza: miji mingi, na njia ya kurudi

Safari hii inavutia kamati nyingi kwa sababu inafanana na mikutano yetu. Kanisa la Antiokia ya Shamu lilikuwa na manabii na walimu watano: Barnaba, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio Mkirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode mfalme, na Sauli, ndiye Paulo. Wakiwa katika ibada na kufunga, waliambiwa wawatenge wawili kati ya hao. Kanisa halikumtoa mtu aliyekuwa hana kazi, wala kijana aliyemaliza masomo na kukosa pa kumweka. Lilitoa karibu nusu ya walimu wake, akiwemo Barnaba, ambaye ndiye aliyemleta Sauli Antiokia tangu mwanzo. Kamati inayoanza kwa kuuliza ni nani hatutamhitaji sana hapa nyumbani imekwisha kuachana na mfano huu kabla hata ya kukata tiketi.

Walianzia pia mahali walipopafahamu. Kipro kilikuwa kisiwa cha kuzaliwa cha Barnaba, na injili ilikuwa imekwisha kufika huko kupitia wale waliotawanywa na dhiki baada ya kifo cha Stefano. Kutoka Salami walivuka kisiwa hadi Pafo, wakakutana na liwali Sergio Paulo, kisha wakasafiri kwa bahari hadi Perge, ambako msaidizi wao Yohana Marko aliwaacha akarudi Yerusalemu. Kutoka hapo walipanda milimani hadi Antiokia ya Pisidia, wakapita Ikonio, Listra na Derbe. Mwendo wao ulikuwa wa haraka, na mara nyingi waliondoka mjini kwa sababu ya kufukuzwa.

Huko Listra kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Kiwete alipoponywa, watu walipaza sauti kwa Kilikaonia, lugha yao ya nyumbani, wakisema miungu imewashukia, wakamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme. Mitume hawakuelewa mpaka ng'ombe na mashada ya maua yalipofika langoni. Wenyeji walikuwa wamesikiliza mahubiri kwa Kigiriki bila shida, lakini walipoguswa moyoni walisema kwa lugha nyingine, na kwa lugha hiyo ujumbe ulikuwa umeeleweka kinyume kabisa. Kiswahili kwetu kina nafasi kama ile Kigiriki kilichokuwa nayo kwao: kinatosha sokoni, shuleni na kwenye mkutano wa hadhara karibu kila mahali. Mhubiri anayetoka mjini akahubiri kwa Kiswahili safi katika kijiji cha Wairaqw au cha Wamaasai ataitikiwa kwa adabu, mikono itainuliwa, na hatajua bibi aliyekaa mstari wa nyuma amemweleza mjukuu wake nini kwa lugha yao wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Baada ya Listra, ambako Paulo alipigwa mawe na kuburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa, walikwenda Derbe. Mtu akitazama ramani ataona kwamba kutoka Derbe barabara iliendelea mashariki kupitia milima ya Tauro hadi Tarso, mji wa kwao Paulo, na kutoka Tarso hadi Antiokia haikuwa mbali. Njia ya nyumbani ilikuwa mbele yao. Wao waligeuka. Walirudi Listra, mahali pa mawe, wakarudi Ikonio, wakarudi Antiokia ya Pisidia, wakiwathibitisha wanafunzi na kuwachagulia wazee katika kila kanisa kwa kufunga na kuomba. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya safari ya kwanza na mikutano mingi tunayoifananisha nayo. Tumeiga miji mingi, tumeiga hata mwendo wa haraka, lakini hatukuiga kugeuka pale Derbe, kwa kuwa kugeuka hakuna jukwaa wala picha za kupeleka kwa wafadhili.

Kuna udhaifu pia katika mtindo huu, na ni haki kuutaja. Wazee wale waliwekwa katika makanisa yaliyokuwa bado machanga mno. Kama wanaosema kwamba waraka kwa Wagalatia uliandikiwa makanisa ya eneo hilo wako sahihi, basi haukupita muda mrefu kabla walimu wengine hawajafika na kuwavuruga, na Paulo akaandika akistaajabu kwamba wameiacha injili upesi hivyo. Hata aliyerudi hakumaliza kazi kwa kurudi mara moja.

Safari ya pili: mipango iliyokatika na watu waliokutwa njiani

Safari ya pili ilianza kwa ugomvi, na sioni faida ya kuupamba. Paulo alipendekeza warudi kuwatazama ndugu katika kila mji walikohubiri, na Barnaba akakubali. Lakini walishindana vikali juu ya kumchukua Marko hata wakatengana. Barnaba alimchukua Marko wakaenda Kipro, na Paulo akamchagua Sila. Miaka mingi baadaye waraka wa pili kwa Timotheo unamtaja Marko kuwa anafaa kwa utumishi, jambo linaloonyesha kwamba Barnaba hakukosea kumpa kijana nafasi ya pili, ingawa Luka hasemi kwamba Paulo alikosea kuwa na wasiwasi. Kamati zetu huogopa mno watumishi wawili wakitofautiana. Hapa timu moja ilizaa timu mbili.

Tofauti kubwa ya safari hii na ile ya kwanza ni kwamba karibu kila mpango wake ulibadilika. Walitaka kuhubiri Asia, jimbo la Kirumi lililokuwa magharibi mwa Uturuki ya leo, wakakatazwa. Walijaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa. Walifika Troa bila kujua waendako, na ndipo Paulo alipoona katika maono mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Huko Filipi, mji wa kwanza waliokaa ng'ambo ya bahari, mtu wa kwanza kumkaribisha nyumbani kwake hakuwa mwanamume Mmakedonia bali Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa rangi ya zambarau kutoka Thiatira, mji ulioko huko huko Asia walikokatazwa kuhubiri. Mara nyingi hujiuliza ni kamati gani ingeandika jina lake katika mpango wa awali.

Safari hii ndiyo inayowafaa wale wa kundi la tatu, wanaosisitiza watu waliotawanyika kwa kazi zao. Timotheo alipatikana Listra, tunda la safari ya kwanza, akawa mwenzi wa safari. Huko Korintho Paulo aliwakuta Akila na Prisila, mafundi wa kushona mahema, waliofukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio iliyowatoa Wayahudi wote mjini, na kwa kuwa walikuwa na ufundi mmoja alikaa nao, wakafanya kazi pamoja. Hawa wawili hawakutumwa na kamati yoyote. Walihama kwa sababu ya serikali, wakafungua karakana, na karakana hiyo ikawa nyumba ya mtume. Walipohamia Efeso wakamfundisha Apolo, msomi wa Aleksandria, na waliporudi Rumi kanisa lilikutana nyumbani mwao. Ukitaka kujua ni wangapi kama hao katika usharika wako, soma orodha ya waliohamishwa kikazi mwaka uliopita, iliyoko katika daftari la mhasibu, ambayo kwa kawaida hutumiwa kufuatilia ahadi zao tu.

Mahali dhaifu pa safari ya pili ni Thesalonike. Paulo alihojiana na watu katika sinagogi kwa sabato tatu. Luka hasemi alikaa jumla ya muda gani, lakini ulikuwa mfupi, ghasia zikazuka, Yasoni akaburutwa mbele ya wakubwa wa mji na kutozwa dhamana, na ndugu wakawatoa Paulo na Sila usiku. Kwa kipimo cha mikutano yetu, huko ndiko kuondoka vibaya kabisa. Ila angalia kilichofuata. Alipokuwa Athene, Paulo hakuweza kuvumilia, akakubali kubaki peke yake ili Timotheo arudi kuwaimarisha Wathesalonike. Timotheo aliporejea na habari njema, waraka uliandikwa kutoka Korintho, ambao wengi huuhesabu kuwa wa kwanza kabisa kati ya nyaraka zake tulizo nazo. Hakuweza kurudi mwenyewe kama alivyorudi Listra, hivyo alirudi kwa mjumbe na kwa karatasi. Siku hizi tuna simu mfukoni, na bado watu walioongoka katika mkutano wa Agosti hukaa mpaka Krismasi bila kusikia sauti ya mtu hata mmoja kutoka kwa waliowahubiria.

Safari ya tatu: mji mmoja kwa karibu miaka mitatu

Wengine hushangaa kuiita safari. Paulo alipita Galatia na Frigia akiwathibitisha wanafunzi, kisha akafika Efeso na kukaa. Miezi mitatu alihubiri katika sinagogi. Alipopingwa aliwatenga wanafunzi, akahojiana nao kila siku katika darasa la mtu mmoja aitwaye Tirano kwa muda wa miaka miwili. Baadaye, akiwaaga wazee wa Efeso huko Mileto, alisema hakuacha kuwaonya kwa muda wa miaka mitatu, usiku na mchana.

Kila siku, miaka miwili, chumba cha kuazima au cha kukodi. Hakuna jambo lisilo na mvuto kwa mwandishi wa ripoti kuliko hilo, na hakuna lililozaa zaidi. Luka anasema wote waliokaa Asia walilisikia neno, na haiwezekani Paulo alikwenda kila mahali, kwa sababu waraka kwa Wakolosai unasema wazi kwamba watu wa huko na wa Laodikia hawakuwahi kuuona uso wake. Waliisikia injili kwa Epafra, mwenyeji wa Kolosai. Efeso ulikuwa makao makuu ya jimbo, bandari, na mwanzo wa barabara zilizopanda bondeni kuelekea bara. Aliyekuja kuuza sufu au kushtaki kesi alirudi kwao akiwa na jambo la kusimulia. Kwa hiyo Paulo aliifikia mikoa mingi kwa kukaa pale ambapo mikoa hiyo ilikuja yenyewe. Katika nchi zetu mahali pa namna hiyo hapahitaji kutafutwa sana: stendi kuu ya mabasi ya mkoa, mji wa mpakani, soko la mnada, chuo ambacho wanafunzi wake watapangiwa kazi wilaya kumi tofauti.

Kukaa muda mrefu ndiko kulikoifanya injili iguse uchumi wa mji. Wafanya uganga walileta vitabu vyao wakavichoma, thamani yake ikahesabiwa fedha 50,000, na mafundi wa vihekalu vya fedha chini ya Demetrio wakaona biashara yao inashuka mpaka mji wote ukakimbilia kwenye ukumbi wa michezo. Mkutano wa juma moja haupunguzi mauzo ya mtu, wala mhubiri anayeondoka Jumatatu hahitaji kuogopwa na mfanyabiashara yeyote.

Lakini gharama ya kukaa ni kwamba wengine huachwa. Alipokuwa Efeso, habari za Korintho zilimfikia moja baada ya nyingine: magawanyiko, kesi mahakamani, fujo katika Meza ya Bwana. Aliandika, akamtuma Timotheo, akamtuma Tito, na waraka wa pili kwa Wakorintho umejaa uchungu wa mtu aliyegawanyika kati ya mahali pawili. Anayechagua mfano wa tatu na azingatie kwamba hautamtosheleza kila mtu, na kwamba vijiji vinne vitakavyokosa mwinjilisti vitalalamika, na vitakuwa na haki ya kulalamika.

Suala la fedha, ambapo safari zote tatu zinakutana

Hapa ndipo ningependa kamati ikae muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Matendo hayasemi Antiokia ilitoa fedha kiasi gani katika safari ya kwanza. Yanataja kufunga, maombi na kuwekewa mikono. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho unamtaja Barnaba pamoja na Paulo kuwa watu waliofanya kazi kwa mikono, na Wathesalonike vilevile Paulo anawakumbusha juu ya taabu yake ya usiku na mchana ili asimlemee mtu. Wakati huo huo Wafilipi walimpelekea msaada huko Thesalonike zaidi ya mara moja, na ndugu kutoka Makedonia walimtimizia mahitaji yake alipokuwa Korintho.

Ukiziweka taarifa hizo pamoja, unaona utaratibu usio na jina ila unaofuatwa kwa uangalifu: Paulo alipokea msaada kutoka mji aliokwisha kuuacha, na hakuuomba kwa mji aliokuwa akiuhubiria. Nimewahi kuhudhuria mkutano ambao sadaka ya siku ya mwisho ilitangazwa kuwa ni ya kulipia mafuta ya jenereta na nauli ya wahubiri, mbele ya wanakijiji ambao wengi wao walikuwa wanasikia injili kwa juma la kwanza maishani mwao. Hakuna aliyefanya wizi. Lakini mpangilio ulikuwa umepinduka, na watu wa kijiji, ambao si wajinga katika mambo ya michango, waliuelewa mara moja kwa jinsi walivyouelewa.

Safari ya tatu inaongeza jambo jingine. Paulo alikuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu kutoka makanisa ya Makedonia na Akaya. Hakuubeba peke yake. Aliwaambia Wakorintho wachague watu wao wenyewe wa kuupeleka. Akaeleza kwamba ndugu mwingine alichaguliwa na makanisa kusafiri nao, ili mtu asiwalaumu kwa habari ya karama ile kubwa. Na Matendo 20:4 inataja watu saba waliofuatana naye kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia. Mtume mwenye heshima ile yote alizungukwa na mashahidi wa fedha, tena kwa ombi lake mwenyewe. Sisi, kwa kuwa fedha siku hizi husafiri kwa simu kwa dakika moja, tumeona kwamba namba moja ya mwinjilisti au ya mchungaji inatosha, na mtu anayeuliza taarifa huonekana hana imani. Mfano wowote kati ya hii mitatu utakaouchagua, hili halina hiari ndani yake.

Mfano wa karibu: Rabai

Yeyote anayedhani kwamba swali la kupita au kukaa ni la zamani za Warumi peke yake anaweza kutazama kilima cha Rabai, nyuma ya Mombasa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika Julai ya mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alimfuata mwaka 1846, wakaanzisha kituo Rabai. Krapf alikuwa mtu wa safari ya kwanza na ya pili. Aliwaza juu ya mlolongo wa vituo kuelekea bara mpaka upande wa pili wa Afrika, alikwenda Usambara kwa mfalme Kimweri, alikwenda Ukambani, akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Rebmann naye alianza kwa kusafiri, akauona Kilimanjaro mwaka 1848, lakini baada ya safari zake za Uchagani kuishia kwenye hasara alikaa Rabai. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, akamzika mkewe huko, akawa karibu kipofu, na waliobatizwa katika miaka hiyo yote walikuwa wachache sana.

Nani aliyechagua vema? Kwa hesabu ya waongofu, wote wawili wangeshindwa kupata bajeti ya mwaka uliofuata. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka ule ule alipofika, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Rebmann aliacha kikundi kidogo cha Wakristo wenyeji waliokuwa wakiishi pale pale kilimani wakati watumwa walioachwa huru walipoanza kuletwa kwa wingi Freretown, karibu na Mombasa, na Rabai tangu miaka ya 1870, na wageni hao hawakuanza jangwani. Mimi hupendelea kumwona Rebmann kuwa ndiye aliyekuwa na kazi ngumu zaidi, ingawa nakiri kwamba bila lugha aliyoichimba Krapf mhubiri wa Rabai angekuwa katika hali ya Paulo pale Listra.

Na wa tatu, Mwafrika mwenzetu Apolo Kivebulaya wa Uganda, alivuka milima hadi Mboga katika Kongo mwaka 1896, akashtakiwa na kutolewa huko akiwa mfungwa, kisha akarudi Mboga. Alikufa huko mwaka 1933. Yeye alipata Derbe yake na akageuka.

Basi, uchague upi?

Usharika wenye kwaya nzuri, fedha kidogo na wahubiri wa kujitolea ambao hawawezi kuacha kazi zao zaidi ya juma moja unaweza kuchagua mfano wa kwanza bila kuona haya, kwa sharti kwamba nusu ya fedha zihifadhiwe kwa ajili ya kurudi. Nasema nusu kwa makusudi, kwa sababu nimeona "kiasi kitakachobaki" kikiandikwa na sijawahi kuona kikibaki. Vijiji vipungue kutoka vitano hadi viwili, na wanaorudi wawe wale wale waliohubiri, si wajumbe wapya wa kamati ambao hawamjui mtu. Pia pawe na mtu anayezungumza lugha ya mahali, na asiwe mkalimani wa jukwaani pekee. Kazi yake kubwa iwe kukaa na watu jioni baada ya mkutano na kusikia wanachosimuliana.

Usharika wa mjini, ambao kila mwaka watu wake huhamishwa au hufuata biashara mikoani, hauna sababu ya kununua vipaza sauti kabisa. Uchague mfano wa pili. Kazi yake ni kuwajua Akila na Prisila wake kabla hawajaondoka, kuwafundisha kwa miezi michache namna ya kuongoza ibada ya nyumbani, kuwaombea hadharani kama Antiokia ilivyofanya, kisha kuwapigia simu kwa tarehe zilizopangwa na kuwatembelea mara moja kwa mwaka. Gharama yake ni ndogo. Ugumu wake ni kwamba matokeo hayatabiriki, na mzee wa kanisa anayetaka kuonyeshwa kwenye ramani tutakuwa wapi mwaka kesho hatapata jibu, kama vile Paulo alipokuwa Troa.

Mfano wa tatu ni wa dayosisi, au wa sharika tatu nne zilizo tayari kuunganisha fedha na kuvumiliana. Unahitaji mtu mmoja aliye bora, aliyetolewa na kanisa litakalopungukiwa kweli kwa kumtoa, mwenye ufundi au taaluma inayoweza kumlisha kwa sehemu, atakayekaa katika mji wa njia panda kwa muda usiopungua miaka miwili na kufundisha kila siku. Kama fedha zingekuwepo na hiari ingekuwa yangu, ningeuchagua huu kabla ya mingine yote, kwa sababu ya Epafra. Lakini nimeona pia mwinjilisti akiwekwa mjini kwa ahadi ya miaka miwili na posho yake ikikatika mwezi wa saba, akabaki akidaiwa kodi ya chumba na watu aliokuwa akiwahubiria. Kamati isiyo na fedha za miezi 24 kwenye akaunti, au ahadi za maandishi kutoka kwa watu wanaojulikana, irudi kwenye mfano wa kwanza, ichague vijiji viwili, na ipange safari ya kurudi miezi mitatu au minne baadaye, mavuno yakiwa yamekwisha na watu wakiwa na nafasi ya kukaa.